Tuache kupanda paina hadi mpakani

Huku Mufindi na Njombe, mtu akinunua ekari tatu hupanda paina ekari zote tatu, mche wa mwisho ukigusana na wa jirani. Mshauri aache nafasi ya barabara ya moto, yaani ukanda mtupu wa kuzuia moto usivuke, atakutazama kana kwamba unataka kumdhulumu ardhi. Kwa maoni yangu, shamba la namna hiyo limeshaungua kabla kiberiti hakijawashwa.

Mvua zikikatika Mei, nyasi huanza kukauka. Kufika Septemba na Oktoba kuna upepo mkali, na ndiyo miezi watu wanachoma masalia kuandaa mashamba, warina asali nao wako porini na vijinga vyao. Mkaratusi ukiungua, mara nyingi kisiki huchipua tena. Paina haina bahati hiyo. Ikiungua, unaanza upya na miche.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina vifungu kuhusu moto, na vijiji vingi vina sheria ndogo. Ni sawa, lakini faini hutozwa miti ikiwa imeshakuwa majivu.

Wanaonikera hasa ni wenye mashamba wa mjini. Wananunua, wanapanda, kisha hawaonekani hadi siku ya kuuza nguzo na mbao. Nyasi zinafika kifuani, matawi ya chini hayajapogolewa, na moto ukishapata matawi hayo unapanda hadi kileleni. Hapo kupiga kwa matawi mabichi hakusaidii kitu. Kijiji kiwalimie mipaka yao, kisha kiwadai gharama. Najua wapo watakaosema huo ni ubabe.

Na barabara ya moto ilimwe mpaka udongo uonekane, mwezi wa Mei au Juni. Kufyeka na kuziacha nyasi zilale pale ni kuuandalia moto kitanda.

Nyumbani tunajidanganya na bati. Cheche hupenya kwenye uwazi chini ya paa, au hutua kwenye kuni tulizopanga ukutani. Bibi zetu walifagia uwanja kila asubuhi. Tulidhani ni usafi na kuogopa nyoka tu. Pembeni ya uwanja weka mboga na migomba, paina ikae mbali.

Wa mpaka mmoja wagawane hasara: kila upande usipande mistari miwili ya mwisho, barabara ya moto ipite hapo. Mkutano wa kijiji wa Mei uanze na ajenda hiyo, michango ije baadaye.