Alama 262: Wakili Ng'ambo Hii, Ng'ambo Ile Kaanguka

Kansas City kuna barabara inaitwa State Line Road. Ng'ambo moja ni jimbo la Missouri, ng'ambo ya pili ni Kansas. Sasa mchukue mhitimu wa sheria aliyepata 262 katika UBE, mtihani wa uwakili ambao majimbo mengi ya Marekani yamekuwa yakiutumia kwa pamoja. Missouri walitaka 260, kwa hiyo huyu kafaulu. Avuke tu barabara, kaanguka, maana Kansas walitaka 266. Na pepa ni ileile, neno kwa neno.

Mtihani wenyewe si wa mchezo. Siku ya kwanza ni kuandika: insha sita, kila moja dakika 30, na kazi mbili za vitendo za dakika 90 kila moja. Katika hizo za vitendo unapewa jalada la mteja pamoja na sheria zinazohusika, kisha unaambiwa uandike kama wakili aliyekwisha kuajiriwa. Mimi naona hapo ndipo penye uwakili hasa. Ajabu ni kwamba hapo ndipo palipopewa uzito mdogo kuliko pote, asilimia 20. Insha zina 30, na nusu nzima inakwenda kwa maswali 200 ya kuchagua ya siku ya pili. Kati ya hayo, 25 hayahesabiwi kabisa. Yamechomekwa ili yajaribiwe, na hakuna anayekuambia ni yapi. Unaweza kulitolea jasho swali ambalo halina hata nusu alama.

Halafu kuna usahihishaji. Insha zinasahihishwa na kila jimbo lenyewe, kwa kuzilinganisha za watahiniwa wa hapohapo: ipi bora, ipi ya kati, ipi dhaifu. Baadaye alama hizo zinavutwa zilingane na jinsi kundi hilohilo lilivyofanya katika maswali ya kuchagua. Wataalamu wana sababu yao, na nakiri ina mantiki: maswali ya kuchagua yana kipimo kisichoyumba mwaka hadi mwaka, insha hazina. Lakini maana yake ni kwamba alama ya insha yako inategemea pia waliokaa nawe ukumbini. Baada ya hesabu zote hizo unapewa namba moja, kati ya 400.

Sina ugomvi na jimbo kujiwekea kiwango. Ugomvi wangu ni lugha inayotumika. Wanasema namba hiyo ni kiwango cha chini cha umahiri cha kumlinda mwananchi. Je, mwananchi wa Massachusetts, walikoweka 270, ana kesi ngumu kuliko wa Missouri? Talaka ni talaka, mkataba wa nyumba ni mkataba wa nyumba. California, ambao wana mtihani wao wenyewe, walikuwa wakidai 1440 kati ya 2000. Mwaka 2020 Mahakama yao ya Juu ikashusha hadi 1390. Sheria za California hazikuwa nyepesi ghafla. Watu walikaa mezani wakaamua, basi.

Na Wisconsin? Ukihitimu chuo cha sheria cha jimboni humo na kutimiza masharti, unaapishwa bila kufanya mtihani wa uwakili. Wateja wao wapo, na mahakama zinaendelea.

Nayaandika haya kwa sababu wako wenzetu waliosomea sheria Afrika Mashariki wanaoitolea macho New York, jimbo linalowaruhusu baadhi ya wahitimu wa nchi za komon lo, yaani zinazofuata mfumo wa sheria wenye asili ya Uingereza, kuukalia mtihani. Huko ni 266. Ukipata 264 umeanguka New York, ila alama hiyohiyo inaweza kuhamishiwa jimbo linalotaka 260, ukitimiza masharti yake mengine. Masharti hayo yasome kwanza kabla hujalipa ada.

Julai 2026 ndiyo zamu ya mtihani mpya, NextGen, kuanza katika majimbo ya mwanzo, Missouri likiwamo. Siku moja na nusu badala ya mbili, na mizani mpya ya 500 hadi 750. Namba ya kufaulu? Kila jimbo litajipangia.