Pedi Inapowekwa Chini: Uncharted Kutoka Gemu Hadi Filamu

Mtaani kwetu Bagamoyo kibanda cha gemu kinapakana na banda la video, na tangu filamu ya Uncharted ya mwaka 2022 ionyeshwe bandani, wateja wa pande hizo mbili hawajaacha kubishana. Waliozoea kushika pedi, kile kidude chenye vitufe cha kuchezea gemu, wanasema filamu imewanyang'anya Nathan Drake wao, yule msaka hazina waliyemwongoza kwa vidole vyao tangu gemu ya kwanza ya Uncharted ilipotoka mwaka 2007. Wa bandani wanajibu kwamba walimfurahia Drake bila kumjua kabla, na hilo linawatosha. Kila upande una hoja, ila nadhani kasoro ya filamu hiyo haiko pale wachezaji wanapoitafuta.

Nianze na hoja yao nzito zaidi. Gemu inafanana na ngano, ambayo mtambaji akiita "paukwa" haisogei mpaka hadhira iitikie "pakawa". Filamu inafunguka Drake akiwa ananing'inia kwenye mizigo inayomwagika angani kutoka ndani ya ndege, tukio lililochukuliwa kutoka gemu ya tatu ya mwaka 2011. Kwenye gemu, mchezaji akikosea kitufe, Drake anaanguka na kufa, na sehemu ile inabidi irudiwe. Hofu ni ya mchezaji mwenyewe, na akivuka salama, fahari ni yake. Kwenye filamu kila mtazamaji anajua kwamba Tom Holland, anayemwigiza Drake, hawezi kufa katika dakika za mwanzo. Tukio limehamishwa vizuri, lakini kilicholipa uhai kilikuwa mikononi mwa mchezaji, na mikono hiyo sasa haina kazi. Tena gemu hizi zenyewe zimejaa uigizaji, kwa kuwa sauti na mienendo ya waigizaji hurekodiwa ndipo wahusika wachorwe, kwa hiyo mchezaji ana haki ya kuuliza kwa nini wali ulioiva urudishwe jikoni.

Hata hivyo, si kweli kwamba mtazamaji wa filamu ni mtu wa kukaa kimya tu. Anayesema hivyo hajaingia kwenye banda ambamo mtafsiri anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za wazungu, huku watu wakimwonya shujaa, wakimzomea adui na kupiga makofi kwa pamoja. Mzee ambaye hatashika pedi kwa takribani saa 15, ambazo gemu ya nne inaweza kuchukua, anapata hadithi ya Drake kwa dakika 116 akiwa na wajukuu.

Lipo jambo kubwa zaidi ambalo filamu inaliweza. Drake wa kwenye gemu ni mcheshi na mpole, lakini mchezaji anapofika mwisho amekwisha kuua mamia ya watu, na hakuna hata mmoja anayeliliwa. Watengenezaji wenyewe walilitambua hilo, kwani gemu ya nne, iliyotoka mwaka 2016, inamtunuku mchezaji kwa kuwashinda maadui 1,000, na jina la tuzo hiyo linagusia mgongano huo kati ya hadithi na mchezo. Filamu haihitaji maadui elfu. Inaweza kumwua mtu mmoja tu na kutufanya tukione kifo chake.

Kwa hiyo silaumu uamuzi wa kutengeneza filamu, wala umri mdogo wa Holland, ambao wachezaji wengi wanaulalamikia. Ninalaumu kilichochaguliwa. Walichukua ndege na mizigo, wakamwacha Elena, mke wa Drake. Katika gemu ya nne wamekwisha kuoana, na jioni moja Drake na Elena wanakaa sebuleni wakishindana kwa gemu ya zamani ili ajulikane nani ataosha vyombo. Baadaye Drake anamdanganya kuhusu safari yake, naye Elena anamfuata hadi Madagaska, Bukini ya wazee wetu wa pwani, na kuufumania uongo huo. Haya hayahitaji pedi hata kidogo ili yaume, na ndiyo filamu ingeyabeba bila kupoteza kitu.

Uwezekano huo umekwisha kuonekana. The Last of Us, gemu ya mwaka 2013 kutoka Naughty Dog, studio ile ile iliyotengeneza Uncharted, ilifanywa tamthilia ya televisheni mwaka 2023. Kwenye gemu tunamkuta mhusika aitwaye Bill peke yake, mwenye uchungu, na mwenzake Frank tunamjua kwa maiti na barua tu. Katika sehemu ya tatu ya tamthilia, waandishi waliyaweka kando mapambano mengi na kutumia karibu muda wote kuonyesha miaka ambayo wawili hao waliishi pamoja. Waliikiuka gemu waziwazi, na mimi naona hapo ndipo walipoitendea haki.

Ikitengenezwa filamu nyingine ya Drake, ningependa waandishi waanzie kwenye sebule ile, vyombo vikiwa bado havijaoshwa.