Watoto wa awali tusiwapange kwa nafasi

Kila mwisho wa muhula hapa Mwanza, kuanzia Pasiansi hadi Buhongwa, watoto wa darasa la awali wanarudi nyumbani na ripoti zenye alama, wastani na nafasi. Mtoto wa miaka mitano amekuwa wa hamsini na tatu. Mzazi anasoma, anakunja uso, anamwambia mwanawe aongeze bidii. Bidii katika nini? Ripoti haisemi.

Nafundisha awali katika shule ya serikali hapa Ilemela, na kupima sikupingi hata kidogo. Nisipopima sijui kesho nifundishe nini. Ninachokipinga ni mtihani wa karatasi wa siku moja, na zaidi ya huo, ile safu ya nafasi.

Tuangalie kuhesabu. Wengi wanakuja shuleni wakiweza kutamka moja hadi ishirini bila kukwama, wamezoea kuimba nyumbani. Sasa mwekee mtoto vizibo saba vya soda kwenye mkeka, avihesabu huku akivigusa. Mmoja atagusa kizibo kilekile mara mbili, mdomo umeshamwacha kidole. Mwingine atafika saba vizuri, lakini ukimuuliza "Kwa hiyo viko vingapi?" anaanza tena moja, mbili, tatu, kwa sababu hajajua bado kwamba namba ya mwisho ndiyo idadi ya vyote. Wa tatu atajibu saba palepale. Ukivitawanya vizibo hivyohivyo mbele ya macho yake, atakuambia vimeongezeka. Watoto watatu, hatua tatu tofauti, na kila mmoja anahitaji kazi yake kesho asubuhi. Kwenye karatasi wote wangeweza kupata vyema kwa kunakili 7 ya jirani, au wote wakakosa kwa kuwa vidole havijaizoea penseli.

Kusoma ni vilevile. Anayeghani a, e, i, o, u kwa sauti kubwa huenda asisikie kwamba "samaki" na "sato" yanaanza kwa sauti moja. Hilo utaligundua kwa mchezo wa maneno tu.

Halafu kuna lugha, jambo ambalo huku Usukumani hatulisemi vya kutosha. Mtoto aliyelelewa na bibi yake Kwimba anaingia darasani Kiswahili chake kikiwa bado kichanga. Nimewahi kuwa na mmoja aliyenyamaza mbele ya picha za wanyama. Mpishi wa uji shuleni alipomsemesha Kisukuma, aliwataja wote, akaongeza na habari za ndama wa kwao. Kwa mtihani wetu, mtoto huyo ana sifuri.

Na watoto wa mialoni, kule wavuvi wanakoshushia samaki ziwani, Igombe na Kayenze? Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, na zipo familia zinazohamia visiwani kufuata samaki na kurudi katikati ya muhula. Mtoto akishuka kwenye mtumbwi jana na mtihani ukawa leo, tumepima safari yake.

Mtaala wa awali wa 2016 haukuwekwa kwa ajili ya mashindano ya namna hii. Ulitaja kuhusiana, kuwasiliana, afya, mazingira, sanaa na hisabati, na mwalimu akatakiwa kumwangalia mtoto akicheza na kufanya kazi, kujaza orodha hakiki na kutunza mkoba wa kazi zake. Ni njia nzuri sana. Ugumu wake ni kwamba ilipangwa kwa watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa yetu yamefurika. Langu ni mara tatu ya hapo. Kwa hiyo nachagua watoto watano kila siku, nakaa nao kwenye mkeka wenzao wakiwa kwenye kona za michezo, naandika mstari mmoja mmoja daftarini. Baada ya wiki tatu nimewamaliza wote, naanza upya. Tukipata mwalimu wa pili, huo mzunguko utapungua nusu.

Zipo pia shule za binafsi mjini zinazomfanyia intavyuu mtoto wa miaka minne kabla ya kumpokea. Anaketishwa mbele ya mtu mzima asiyemjua, anaulizwa rangi kwa Kiingereza, akilia anaambiwa hajafaulu. Hilo likomeshwe. Sioni utetezi wake.

Walimu wakuu wenzetu, futeni safu ya nafasi kwenye ripoti za awali muhula huu. Pawekwe sentensi tatu: anachoweza mtoto, anachokaribia kukiweza, na mnachoweza kufanya nyumbani. Nanyi wazazi, mkija kuchukua ripoti msiniulize mtoto amekuwa wa ngapi. Niulizeni anahesabuje, anacheza na nani, anaogopa nini. Daftari ninalo, tutalifungua pamoja kwenye ukurasa wake.