Bleak House ya nusu saa: Dickens alinyang'anywa nini hasa?

Tangu BBC irushe tamthilia ya televisheni ya Bleak House, iliyotokana na riwaya ya Dickens, mwishoni mwa mwaka 2005, watazamaji wake hawajapatana. Walioipenda wanasifu kasi na uigizaji. Walioikataa, na wengi wao ni wasomaji wazuri wa Charles Dickens, wana lawama moja kubwa: kwamba Andrew Davies, aliyeandika mswada, alichukua riwaya nzito ya enzi ya Malkia Victoria akaikatakata vipande vya nusu saa. Vipande hivyo vikarushwa mara mbili kwa wiki, jirani kabisa na EastEnders, tamthilia ya mfululizo ya BBC, kila kimoja kikiishia pale ambapo moyo unadunda. Kwao hiyo ni kumshusha Dickens hadhi.

Lawama hiyo inastahili kusikilizwa, kwa sababu wanaoitoa wanakipenda kitabu. Ila wanakitetea kitabu cha kurasa mia kadhaa kilichojalidiwa kikawekwa rafuni, na wasomaji wa kwanza wa Bleak House hawakukipata hivyo. Walikipata kwa mafungu, toleo moja kila mwezi, kuanzia Machi 1852 hadi Septemba 1853. Kila toleo lilikuwa na kurasa 32 na liliuzwa shilingi moja. La mwisho peke yake lilikuwa la mafungu mawili kwa pamoja. Sura 67 ziligawanywa katika miezi 19. Yeyote aliyekua akisubiri hadithi ya gazetini iliyokatizwa kwa "itaendelea" anaijua hali hiyo, na Dickens aliijua kuliko wote. Aliandika akiwa na mwisho wa kila toleo kichwani.

Tazama toleo la Desemba 1852. Linaishia na sura ya 32, usiku ambao Guppy, karani wa wakili, na mwenzake wanashuka chumbani kwa mzee Krook, mnunuzi wa makaratasi na takataka. Wanakuta masizi, mafuta yaliyoganda ukutani na kitu kilichoungua sakafuni. Krook ameteketea kwa moto uliotoka ndani ya mwili wake mwenyewe. Msomaji anaachwa hapo hapo, mwezi mzima. Hakuna sehemu yoyote ya tamthilia ya Davies iliyothubutu kumkatisha mtu pumzi kwa ukatili kama huo.

Na wasomaji hawakunyamaza. Mhakiki George Henry Lewes aliandika katika gazeti la The Leader, mwezi huo huo, kwamba kifo cha namna hiyo hakiwezekani kisayansi. Toleo lililofuata likatoka na uchunguzi wa kifo cha Krook, na ndani yake Dickens akawachapa wasomi wanaobisha, akawatajia vitabu na madaktari. Hata katika dibaji ya mwaka 1853 bado alikuwa anajitetea. Kwa sayansi, Lewes ndiye aliyekuwa sahihi. Kinachonishika mimi ni kwamba maoni ya msomaji yaliingia ndani ya riwaya yenyewe kabla haijaisha. Hiki ndicho kitabu tunachoambiwa kilikuwa kitukufu mno kwa vipande vya jioni! Davies hakuwa na nafasi hiyo, kwa kuwa sehemu zake zote 15 zilikuwa zimeshapigwa kabla ya kurushwa. Hata hivyo, umbo alilolichagua, saa moja ya kufungulia kisha nusu saa mara 14, liko karibu na lile la mwaka 1852 kuliko filamu yoyote ya saa mbili.

Lawama ya pili inahusu kamera: inafyatuka kutoka pahala hadi pahala kwa mvumo mkali, na wengine walisema iliwaumiza kichwa. Hapa nakubali nusu. Mvumo ule unarudiwa mno, na kufikia sehemu ya tano umeshakuwa mazoea. Lakini katika sura ya pili msimulizi wa Dickens mwenyewe anatuhamisha kutoka Mahakama ya Chancery, ya kesi za mirathi na mali, hadi ulimwengu wa akina Dedlock, familia ya kitajiri, akisema tutaruka kama kunguru arukavyo. Riwaya nzima inakwenda hivyo: kesi ya Jarndyce, ya mirathi isiyokwisha mahakamani humo, inamgusa Lady Dedlock, bibi mkubwa wa jumba la Chesney Wold, na Jo, mtoto wa kufagia njia, kwa wakati mmoja, na lazima kuwe na kitu cha kuturusha kati yao.

Kuhusu waigizaji sina la kubishana sana. Walioogopa kwamba Gillian Anderson wa The X-Files asingemweza Lady Dedlock walinyamazishwa na uso wake tu, na Anna Maxwell Martin alipata tuzo ya BAFTA kwa kumwigiza Esther, msichana aliye mhusika mkuu.

Penye upungufu wa kweli ni kwingine, na nashangaa kwamba wapinzani hawapasisitizi vya kutosha. Kitabu kina wasimulizi wawili: Esther, na sauti isiyo na jina inayosimulia kana kwamba mambo yanatokea sasa hivi, yenye hasira na huruma. Tamthilia imeiacha sauti hiyo. Jo anapokufa katika sura ya 47, akijifunza sala maneno machache machache, sauti ile inamgeukia Malkia, mabwana wa Bunge na viongozi wa dini, inawaambia mtoto huyu amekufa, na kwamba wengine wanakufa hivyo hivyo, wakituzunguka, kila siku. Kwenye televisheni tunamlilia Jo. Katika kitabu tunashtakiwa pamoja na walioshtakiwa. Pengo hilo haliletwi na nusu saa; hata tamthilia ya saa 20 ingeweza kulikosa.

Tena, wengi wanaolalamika kwamba misisimko ya mwishoni inachosha waliitazama yote kwa DVD, usiku mmoja au miwili. Marekani nako televisheni ya PBS iliirusha mapema 2006 kwa vipande 6 virefu, kwa hiyo miisho mingi aliyoipanga Davies ikaangukia katikati ya kipindi. Itazameni upya kwa nusu saa, mara mbili kwa wiki, muone kama Tulkinghorn, wakili wa akina Dedlock, hatawakosesha raha kati ya Ijumaa na Alhamisi.