Brexit na televisheni: kilichohama hakionekani kwenye kioo

Asubuhi ya tarehe 1 Januari 2021, siku ya kwanza ya Uingereza nje ya soko la Umoja wa Ulaya, hakuna televisheni iliyozimika Ulaya. Aliyekuwa akitazama filamu za wanyamapori kule Warsaw aliendelea kuzitazama, na watetezi wa Brexit, yaani kujitoa huko kwa Uingereza, hawajaacha kuwauliza walioonya: yako wapi maafa mliyotutabiria? Swali ni halali, ila majibu yake hayapatikani sebuleni kwa mtazamaji. Yako kwenye makabati ya leseni.

Tangu mwaka 1989, setilaiti zilipoanza kumwaga matangazo juu ya mipaka, Ulaya ilikubaliana jambo moja: kituo kikipewa leseni na nchi mwanachama, wanachama wengine wote wanakipokea bila kudai leseni ya pili. London iliifanya kanuni hiyo kuwa mtaji. Ilikuwa na lugha, mawakili, mafundi, na mdhibiti, Ofcom, ambaye wafanyabiashara walimwona ni mtu wa kuelewana naye. Kufikia kura ya maoni ya Juni 2016, chaneli zilizokuwa na leseni ya Uingereza zilipita elfu moja, na mamia kati yake hazikuwalenga Waingereza hata chembe. Zilikuwa za Wapolandi, Waswidi, Wahungari.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina ugeni wake. Jumuiya yetu ina soko la pamoja tangu Julai 2010, lakini leseni iliyotolewa Dar es Salaam haimfungi mdhibiti wa Nairobi wala wa Kampala. Tanzania ilipojitoa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, hakuna antena iliyotikisika. Hapakuwa na mlango wa kufungwa.

Wanaosema hasara ya Uingereza imetiwa chumvi wana hoja, na si za kubezwa. Waulize Waswidi. Chaneli ya TV3 ilianza mwaka 1987 ikirusha matangazo yake kutoka London kwenda Skandinavia, na kwa miaka mingi matangazo ya pombe, ambayo Swidi inayapiga marufuku kwenye televisheni yake, yaliingia nyumba za Waswidi kwa leseni ya Uingereza. Stockholm ililalamika wee mpaka ikachoka. Kanuni inayomruhusu jirani kuamua watoto wako waone nini si lazima iombolezwe.

Isitoshe, Uingereza haikutoka mikono mitupu. Bado imo katika mkataba wa televisheni ya kuvuka mipaka wa Baraza la Ulaya, chombo ambacho si cha Umoja wa Ulaya, na mkataba huo unazifunga nchi 20 za Umoja. Kwa mkataba huohuo vipindi vya Uingereza bado vinahesabiwa kuwa vya Ulaya, kwa hiyo vinasaidia kutimiza asilimia 30 ambayo huduma za kutazama kwa intaneti zinalazimika kuitenga kwa kazi za bara hilo. Watayarishaji wa London hawakufa njaa.

Sawa. Lakini tuiangalie ile nukta ambayo mjadala huu huiruka.

Gari la Uingereza lilipata mahali pa kushika baada ya Brexit. Mkataba wa biashara wa Desemba 24, 2020 uliliondolea ushuru, mradi litimize masharti ya asili ya vipuri vyake. Televisheni haikupata hata kamba. Huduma za picha na sauti zilitolewa nje ya mkataba huo, na yeyote aliyefuatilia mazungumzo ya biashara ya dunia ya mwaka 1993 alijua zingetolewa, kwa kuwa Ufaransa ilishaishawishi Ulaya kwamba filamu na televisheni ni utamaduni, haziwekwi mezani pamoja na jibini na vyuma. Theresa May, Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, aliliomba jambo hili waziwazi katika hotuba yake ya Machi 2018, akitaka pande mbili zitambuliane leseni. Hakupata. Kwa bidhaa, aliyetoka anaweza kujadiliana arudi kupitia dirishani. Kwa televisheni, aidha umo au humo. Hiyo ndiyo tofauti ambayo wapiga kura hawakuelezwa, na ndiyo inayonifanya nione upande wa walioonya haukutendewa haki.

Basi kwa nini vioo havikuzimika? Kwa sababu kuna waliolipa mapema. Januari 2019 Discovery, kampuni ya televisheni ya Marekani, ilipeleka maombi ya leseni Uholanzi. Hata BBC Studios, mkono wa biashara wa shirika la umma la Uingereza lenyewe, ilichukua leseni za Uholanzi kwa baadhi ya chaneli zake za bara. Na leseni haihami kwa kubadilisha anwani kwenye barua. Sheria inauliza ofisi kuu iko wapi, maamuzi ya vipindi yanafanyiwa wapi, wafanyakazi wengi wanaohusika na vipindi wako wapi. Kwa hiyo meza zilihama, na watu wakahama nazo.

Kampuni kubwa inaweza. Fikiria sasa kituo cha wahamiaji chenye vyumba viwili London, kinachotangaza kwa Kiurdu, Kiajemi au lugha ya Kiafrika, watazamaji wake wakiwa nusu Uingereza na nusu wametawanyika Ulaya. Zamani karatasi moja ilimfikia shangazi aliyeko Birmingham na binamu aliyeko Brussels. Sasa binamu wa Brussels yuko katika nchi isiyokuwa ndani ya ule mkataba wa Baraza la Ulaya, sawa na Uholanzi, Swidi, Denmark, Ugiriki, Luxembourg na Ireland, ingawa Ireland na Uingereza zina maelewano yao. Kituo kama hicho kifungue ofisi ya pili Amsterdam kwa fedha gani?

Halafu lipo suala la udhibiti, ile ahadi kwamba Uingereza itajiamulia yenyewe, ambalo ndilo lililouza Brexit. Februari 4, 2021 Ofcom iliifutia leseni CGTN, televisheni ya kimataifa ya Uchina, baada ya kuona kwamba kampuni iliyoshika leseni haikuwa na mamlaka juu ya vipindi. Mwezi uliofuata mdhibiti wa Ufaransa akasema chaneli hiyo iko chini yake, kwa kuwa ilitumia setilaiti ya Eutelsat, kampuni ya Ufaransa. Kwa mkataba ule wa Baraza la Ulaya, Uingereza ikawa haina budi kuiruhusu tena. Paris ikafungua alichofunga London, wiki chache tu baada ya London kutangaza kwamba imerudisha funguo zake. Haki ielezwe: hata ndani ya Umoja, njia ya Paris ingekuwepo. Lakini mwanachama anakaa meza moja na wadhibiti wenzake, ana utaratibu wa kupinga na tarehe za kujibiwa. Mkataba wa Baraza la Ulaya una kamati ambayo ilikuwa imeacha kukutana miaka kadhaa kabla Uingereza haijaondoka.

Na uimara wake ulipimwa Desemba 2021, idhaa ya Kijerumani ya RT, televisheni ya serikali ya Urusi, ilipoingia hewani kwa leseni ya Serbia ikiutaja mkataba huohuo. Wajerumani walijibu kwamba maamuzi ya chaneli hiyo yanafanyiwa Berlin, hivyo leseni ya Serbia haiwahusu, na ndani ya siku chache Eutelsat ikaishusha. Simlilii RT. Ila mwenye kile kituo cha vyumba viwili aliona jambo: karatasi anayoitegemea sasa inatafsiriwa na mwenyeji, na hakuna refa wa kumpelekea rufaa.