Malengo ya mwaka ya mpiga picha za familia huanzia kwenye kalenda

Mvua za masika zinapoanza kunyesha hapa Dar es Salaam, simu yangu hunyamaza. Familia iliyopanga kupiga picha ufukweni Jumamosi hii husogeza hadi Jumamosi inayofuata, na hiyo nayo hunyesha. Kwa miaka kadhaa ya mwanzo kipindi hicho kilinitia hofu; siku hizi ndicho kipindi ninachokaa mezani na daftari la kazi zilizopita ili kupanga malengo ya mwaka unaokuja. Ninawaandikia wenzangu wanaopiga picha za familia, hasa wale wanaofanya kazi peke yao au na msaidizi mmoja, kwa sababu naamini wengi wetu tunaanza kupanga mahali pasipofaa: tunaandika kwanza kiasi cha fedha tunachokitamani, kisha tunalazimisha siku zikitoshe.

Januari ambayo wengi huitumia kwa kazi hii ni mwezi mbaya. Mzazi ana ada, sare za shule na madaftari, kwa hiyo wateja ni wachache na tunajiona tumeshindwa kabla ya kuanza. Mpiga picha mwenyewe ametoka kwenye Desemba iliyomchosha, na picha za watu bado hajazimaliza. Mwaka wangu wa kazi sasa unaanza Juni, mvua zinapokatika na kipupwe kinapoingia, nikiwa nimeshapata Aprili nzima ya kutafakari. Kodi ya mapato nailipa kwa awamu zake za Machi, Juni, Septemba na Desemba kama kawaida. Hilo halibadilishwi na mpangilio wangu, na kila awamu imeandikwa kwenye kalenda hiyo hiyo.

Jambo la kwanza ninalolihesabu ni mwanga. Huku kwetu jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi, huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza huingia haraka. Mwanga laini unaopendeza kwenye nyuso za watu hudumu takriban saa moja asubuhi na saa moja jioni. Katikati ya mchana jua linasimama utosini, watoto wanakunja nyuso, na macho yanazama kwenye vivuli. Kwa hiyo Jumamosi moja ina nafasi mbili za kazi nzuri ya nje, na Jumapili ina moja tu ya jioni, kwa kuwa asubuhi familia nyingi ninazozihudumia zipo kanisani.

Mwaka una wiki 52. Mimi naondoa wiki 10 za masika, wiki 4 za Januari, na wiki 4 za mapumziko, ugonjwa na misiba, maana misiba haiombi miadi. Zinabaki wiki 34. Kwa nafasi tatu kila wiki napata nafasi 102, na mtu anayependa tarakimu kubwa angeishia hapo. Lakini familia moja hunichukua saa kama kumi: mazungumzo ya awali, safari, upigaji wenyewe, kuchagua, kuhariri na kukabidhi. Nilipojaribu familia tatu kwa wiki, kufikia mwezi wa pili nilikuwa na watu wanaonidai picha za wiki sita nyuma. Lengo langu sasa ni familia mbili kwa wiki, yaani 68 kwa mwaka, na nafasi ya tatu inabaki wazi kwa ajili ya anayeahirisha.

Baada ya hapo ndipo fedha inapoingia. Nilijumlisha kodi ya pango, umeme, bando, usafiri, malipo ya msaidizi, ukarabati wa vifaa, na akiba ya kununua kamera nyingine hii itakapochoka, nikapata shilingi 13,600,000 kwa mwaka. Ukigawanya kwa familia 68, kila familia inapaswa kulipa shilingi 200,000 kabla mimi sijanunua kilo moja ya unga. Nikaongeza mahitaji ya nyumbani kwangu, shilingi 20,400,000, ambayo ni 300,000 kwa kila familia. Bei yangu ya wastani ikawa 500,000. Bei niliyokuwa nikitoza kabla ya kufanya hesabu hii ilikuwa 180,000. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikichangia fedha zangu ili watu wapate picha, na pengo nililiziba kwa kazi za sendofu na harusi ambazo zilikuwa zikinila wikiendi zile zile. Wapo wateja walioondoka bei ilipopanda. Iliniuma, kwa sababu baadhi yao nawapenda, lakini sioni namna nyingine ya kubaki katika kazi hii kwa miaka ishirini.

Kukosa hesabu ya mwanga kuliwahi kuniaibisha vibaya. Desemba moja nilizipokea familia tatu jioni moja pale Coco Beach: ya kwanza saa kumi, ya pili saa kumi na moja, ya tatu saa kumi na mbili kasoro robo. Ya pili ikakwama kwenye foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Ya tatu ilifika kwa wakati, baba, mama na mtoto wa miaka miwili aliyevaa shati la kitenge sare na gauni la mama yake, nikawaomba wasubiri kidogo. Nilipowageukia, mtoto alikuwa amelala begani kwa baba yake, mdomo wazi, kiatu kimoja kimedondoka mchangani, na bahari nyuma yao imeshakuwa nyeusi. Mama yule hakunigombeza. Aliinama, akaokota kiatu, akasema, "Basi kaka, tutaangalia siku nyingine." Niliwarudishia fedha yao yote usiku ule, na hawakurudi.

Kalenda ya familia za hapa ina misimu yake, na mpango ulioigwa kutoka nchi za nje hauijui. Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hiyo daftari la mwaka jana haliwezi kunakiliwa lilivyo. Idi el-Fitri ya 2026 iliangukia Machi, masika yakiwa mlangoni. Ya 2028 inatarajiwa mwishoni mwa Februari, jua likiwa bado linawaka. Jioni za mwezi mtukufu siombi familia ya Kiislamu itoke nje wakati wa kuandaa futari, na siku mbili za Idi natenga muda wa kwenda majumbani mwao. Ziko pia komunyo, vipaimara, akika na mahafali.

Halafu kuna Desemba. Wiki mbili za mwisho Dar es Salaam hupungua watu, kwa kuwa sehemu kubwa ya wateja wangu wanapanda kwenda kwao Kilimanjaro. Zamani nilikaa mjini nikilalamika kwamba biashara imekufa wakati wateja walikuwa Marangu, Machame na Rombo, ukoo mzima umekusanyika kwenye kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ya wazee, jambo ambalo halitokei tena hadi mwaka unaofuata. Sasa lengo langu mojawapo ni kuwa Moshi kuanzia Desemba 22 hadi 30. Asubuhi na mapema mlima huonekana mara nyingi kabla mawingu hayajaufunika, na babu mwenye wajukuu thelathini huwa ameamka zamani.

Huko ndiko nilikolipata lengo ninalolithamini kuliko mengine. Marangu, baada ya kupiga picha za ukoo mmoja, nilimuaga bibi mwenye nyumba. Akaniuliza, "Mwanangu, yangu iko wapi?" Nikamweleza kwamba nitamtumia mwanawe kwenye simu. Akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Ilikuwa picha nyeusi na nyeupe, yeye na marehemu mumewe wakiwa vijana, wamesimama mbele ya pazia la studio. Nyuma ina muhuri uliofifia na mwaka 1967 kwa kalamu ya wino. "Hii nilipewa mkononi," akasema. Sikuwa na jibu la kumpa.

Wapiga picha waliotutangulia walielewa kwamba kazi huisha karatasi inapokuwa mkononi mwa mwenyewe. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilifunguliwa mwaka 1930, na picha za studio za zama hizo bado zinaning'inia kwenye kuta za watu. Mimi nina kazi za mwaka wangu wa pili ambazo hazipo popote, kwa kuwa diski ilikufa na simu za wateja zilishabadilishwa. Kwa hiyo bei ile ya 500,000 inabeba ndani yake picha kumi zilizosafishwa kwenye karatasi nzuri, na Moshi nakwenda na printa ndogo ya betri ili mzee wa nyumba apate yake kabla sijaondoka kwenye kihamba.

Lengo la idadi ya wafuasi mtandaoni nimelifuta kabisa. Lilinisukuma kuweka picha za watoto wa watu hadharani kila siku ili ukurasa usipoe. Tangu Mei 1, 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika nchini, na hata isingekuwepo, sura ya mtoto ni ya mtoto. Sasa mzazi husaini ruhusa kwenye fomu, na anayekataa habanwi wala hapunguziwi huduma.

Nafasi ya lengo hilo imechukuliwa na idadi ya familia zinazorudi. Mwaka uliokwisha nilihudumia familia 51, na 19 kati ya hizo nilikuwa nimewahi kuzipiga picha. Mwaka unaokuja nataka zifike 30. Sitalipia tangazo lolote kwa ajili hiyo. Katika daftari nimeandika ukurasa wenye majina ya watoto, tarehe zao za kuzaliwa na hatua inayofuata: huyu anatimiza mwaka Septemba, huyu anapata kipaimara, huyu niliyempiga picha akiwa na siku arobaini anaanza darasa la kwanza. Kila Jumatatu nampigia mzazi mmoja, kwa sauti, na namsikiliza kwanza habari za nyumbani. Wiki iliyopita nilimpigia mama wa mapacha wa Kigamboni. Alinijibu kwamba mapacha wamepata mdogo wao, na akaomba Jumamosi ya pili ya Juni, asubuhi.