Bahasha ya Emma Stone Ilipotoka Mara Mbili

Rimoti nilishaishika nizime. Huku Afrika Mashariki ilikuwa saa mbili asubuhi, Jumatatu ya 27 Februari 2017. Kwenye tuzo za Oscar, La La Land imeshatangazwa filamu bora, watayarishaji wanashukuru wake zao, nami kazini nachelewa. Mara namwona mtu mwenye kifaa cha sikioni anakatiza jukwaani, anakagua bahasha mikononi mwa watu. Rimoti nikairudisha mezani.

Filamu iliyotangazwa haikuwa iliyoshinda, na wengi mpaka leo wanamlaumu Warren Beatty, mwigizaji mkongwe aliyepanda jukwaani kumtangaza mshindi. Mzee wa watu alipewa bahasha, akaifungua, basi. Pale ukumbi wa Dolby, zilikotolewa tuzo, ziliwekwa seti mbili kamili za bahasha, kwa sababu watangazaji wa washindi waliingia kutoka pande zote mbili za jukwaa, na kila upande ulikuwa na mhasibu wake, wa kampuni iliyohesabu kura, na mkoba. Bahasha ikitoka upande huu, nakala yake ya upande ule lazima itengwe. Leonardo DiCaprio alichukua ya mwigizaji bora wa kike upande mmoja, akamtangaza Emma Stone. Nakala ikabaki upande wa pili, na mhasibu wa huko, dakika chache baada ya kurusha Twitter picha ya huyohuyo Emma Stone, akamkabidhi Beatty.

Na bahasha zenyewe! Nyekundu, maandishi ya dhahabu. Gizani kule nani asome? Kadi ilikuwa na jina la Emma Stone, la filamu yake, La La Land, chini yake, na la kipengele limebanwa chini kabisa kwa herufi ndogo mno. Beatty akaduwaa, akachungulia tena ndani ya bahasha kama anayetafuta chenji. Watu wakacheka, wakidhani anatania. Akampa kadi mwigizaji Faye Dunaway, mtangazaji mwenzake. Mama akaona "La La Land", akaitamka.

Hotuba zikaenda zaidi ya dakika mbili, na wahasibu wawili waliokariri washindi wote 24 wako palepale! Fred Berger, mtayarishaji wa La La Land, akamalizia shukrani zake kwa kutuarifu kwamba wameshindwa. Mtayarishaji mwenzake, Jordan Horowitz, ndiye aliyeinua kadi halisi mbele ya kamera: filamu bora ni Moonlight.

Katika vurugu hiyo Kevin O'Connell, mchanganya sauti wa Hacksaw Ridge, akasahaulika. Alikuwa ameteuliwa mara 20 akakosa zote. Ya 21 akapata, na bahasha yake haikuwa na kasoro.

Mwigizaji Amy Adams hata uteuzi hakupata, ingawa Arrival yake iliteuliwa katika vipengele vinane. Siku ya uteuzi jina lake lilitokea kwa muda kwenye tovuti ya Oscar, kisha likaondolewa. Liliwekwa kwa makosa.